Jino la Mtoto na Historia ya Kusingiziwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mtoto mchanga kinywa cha kunyonyea kabla ya kumpa meno ya kutafunia, na akakipangia kila kitu wakati wake. Ama baada ya hayo.

Mpenzi msomaji, hakuna kiungo kidogo katika mwili wa binadamu kilichosingiziwa makubwa kama jino la mtoto. Limesingiziwa homa, kuhara, kutapika, kukonda, degedege na hata mauti. Na kwa kuwa limesingiziwa, limehukumiwa pia; na hukumu yenyewe hutekelezwa juu ya ufizi wa kiumbe asiyeweza kujitetea ila kwa kulia. Katika makala haya nataka tuitazame historia ya singizio hili, kuanzia mkoa wa Singida, tuone lilikotoka na limetugharimu nini. Kisha tujue, kwa njia iliyo sahihi, dalili za mtoto anayeota meno na namna ya kumtuliza.

Meno ya plastiki

Singida ni mkoa ulio katikati ya Tanzania, uliofanywa mkoa mwaka 1963. Watu wa pwani hawakuanza jana kuijua nchi ile. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ikipita Kilimatinde, iliyo ndani ya mkoa huo hivi leo. Ni nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba, nchi ya mtama, uwele, alizeti na vitunguu. Mvua zake ni za msimu mmoja tu kwa mwaka, na kiangazi chake ni kirefu. Kiangazi kikishika, maji huwa ya kutafutwa, na maji ya kutafutwa si kila mara huwa safi. Lishike neno hili la maji, msomaji, maana tutalirudia.

Huko, kama katika mikoa mingine mingi ya Tanzania Bara, watu huyataja maradhi yanayoitwa meno ya plastiki, na wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto wa miezi mitatu, minne au mitano hushikwa na homa na kuhara. Jirani au bibi humfungua kinywa, akautazama ufizi mahali litakapoota jino la chonge, akauona umevimba kidogo na una weupe. Hapo hukata shauri: mtoto ana meno ya plastiki, na yasipotolewa atakufa. Mama huambiwa kwamba hospitali hawayajui maradhi haya, na kwamba sindano itamwua mtoto. Basi hupelekwa kwa mganga. Huyo huupasua ufizi kwa kisu, msumari au spoki ya baiskeli, akachimbua kitu cheupe kilicho laini, akamwonyesha mama kuwa ndiyo plastiki yenyewe. Wengine hawachimbui, bali husugua ufizi kwa dawa za miti mpaka ukachubuka.

Kitu hicho si plastiki. Ni jino la mtoto mwenyewe, changa, halijapata ugumu, kama punje ya mahindi iliyo bado maziwa. Kila mtoto aliye mzima huzaliwa nalo ndani ya ufizi. Kwa hivyo mganga hatakosa hata siku moja kukipata anachokitafuta, na mama hatakosa kuamini, kwa kuwa amekiona kwa macho yake. Hii ndiyo nguvu ya jambo hili: linao ushahidi wa uongo unaofanana na wa kweli.

Mara nyingi huambiwa kuwa hizi ni mila za wazee. Hebu tulipime dai hilo kwa historia. Nailoni ilitangazwa kwa mara ya kwanza ulimwenguni mwaka 1938, huko Marekani. Wazee wa karne ya kumi na tisa hawakuijua nailoni wala plastiki, basi watayaitaje maradhi kwa jina la kitu ambacho hakikuwapo? Wataalamu wa meno wa Tanzania walianza kuyaandikia habari zake miaka ya 1980. Brad Weiss, mwanachuoni wa Marekani aliyekaa na Wahaya wa Kagera, aliandika habari za meno ya plastiki mwaka 1992. Mwaka huohuo, na tena mwaka 1997, wataalamu wawili wa Tanzania, Hiza na Kikwilu, walichapisha uchunguzi wao juu ya uchimbaji huu na usuguaji wa dawa. Singizio ni la kale, lakini vazi hili la plastiki ni jipya. Na lililo jipya halistahiki heshima ya mila.

Tena si Tanzania peke yake. Mwaka 1969 Jens Pindborg, mtaalamu wa Denmark, aliandika juu ya desturi ya namna hii kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Wasudani wanalo jina lao, haifat. Wasomali huyaita meno ya mbweha. Hospitali ya Lacor, iliyoko Gulu, ilitoa hesabu ya watoto waliolazwa hapo tangu 1992 hadi 1998 kwa madhara ya uchimbaji huu: walikuwa mamia, na baadhi yao walifariki. Ufizi uliochimbwa kwa chuma kichafu huingiza sumu katika damu. Mtoto hupata pepopunda, au damu humwishia, au hupata nimonia. Anayepona huenda asiote chonge lake, na hata jino la ukubwani lililo chini yake hutoka limepinda, au halitoki kabisa. Na chuma kinachotoka kinywa hiki kikaingia kinywa kile huweza kuchukua virusi vya ukimwi na homa ya ini.

Singida na Dodoma kumekuwapo pia maradhi ya watoto wa kike yaitwayo lawalawa, ambayo watu walidai hayaponi ila kwa kumkeketa mtoto. Kumbe aghalabu ni uambukizo wa kawaida, unaotibika kwa usafi na dawa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 imekataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka kumi na minane. Nimeitaja lawalawa kwa sababu fikra ni moja: mtoto anaumwa, basi akatwe.

Nasi wa pwani

Huenda msomaji wa Tanga, Mombasa au Unguja ukasema, haya ni ya watu wa bara, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kwanza, watoto wetu wameolewa na kuajiriwa huko, na wajukuu zetu wanaotea meno huko. Pili, nasi tunayo yetu.

Lugha yetu wenyewe inatushuhudia. Tunalo neno kigego. Kamusi zinatwambia kuwa ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini, akahesabiwa kuwa ana nuhusi. Katika zama zilizopita, mahali pengi pwani na nyuma ya pwani, mtoto wa namna hiyo alitolewa akapewa watu wengine, na pengine aliuawa. Kosa lake lilikuwa nini? Ni kwamba jino moja lilitangulia jingine! Leo tunajua kuwa mpango wa kuota meno hutofautiana baina ya mtoto na mtoto, na aliyeanza kwa ya juu hana ila yoyote. Na dini yetu ilikwisha kukataza kuamini nuhusi tangu mwanzo wake. Waliofanya hivyo hawakukosa dini, walikosa kuifuata.

Pia tunacho kimeo. Mtoto akikohoa sana au akitapika, wako wanaosema kimeo chake ni kirefu, kikatwe. Juu ya jambo la koo la mtoto tunayo habari iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Bibi Ummu Qays binti Mihsan alimleta mwanawe kwa Mtume (S.A.W.), na alikuwa amemminya kooni kwa ajili ya maradhi ya koo yaliyoitwa udhra. Mtume hakulipenda jambo lile. Aliwauliza kwa nini wanawatesa watoto wao kwa kuwaminya, akawaelekeza kwenye dawa ya mti wa Kihindi uitwao qust. Tazama, msomaji: kuminya tu kwa kidole kulichukiza, seuze kuchimba kwa spoki?

Waliotutangulia katika elimu

Wanazuoni na matabibu wa Kiislamu waliandika mengi juu ya kuota meno. Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, katika karne ya kumi, aliandika kitabu kizima cha malezi na tiba ya watoto, na humo akayaeleza meno. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika kitabu chake cha hukumu za mtoto mchanga, Tuhfat al-Mawdud, alishauri ufizi wa mtoto anayeota meno usuguliwe kwa siagi na samli. Hatusemi kuwa samli ndiyo dawa ya leo. Tunasema mkono wao ulikuwa laini.

Na al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, mpasuaji asiyekuwa na mfano katika zama zake, aliyeandika juu ya visu na koleo za meno zaidi ya yeyote aliyemtangulia, ndiye aliyeonya watu wasiharakishe kung'oa jino hata la mtu mzima, kwa kuwa likishatoka halina badala. Akawalaumu wajinga wanaong'oa jino lililo zima wakaliacha bovu. Aliyekijua kisu zaidi ndiye aliyekiogopa zaidi.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Katika karne ya kumi na sita Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, alimchunguza maiti ya mtoto wa miezi minane wa mtawala wa Nevers. Hakuona sababu ya kifo. Alipoupasua ufizi aliyakuta meno tayari kuchomoza, akakata shauri kwamba mtoto amekufa kwa kukosa kupasuliwa ufizi. Paré alikuwa mtu mkubwa, na kosa la mtu mkubwa husafiri mbali. Kwa zaidi ya miaka mia tatu matabibu wa Ulaya wakawa wanawapasua watoto ufizi. Katika hesabu ya vifo ya Uingereza na Wales ya mwaka 1839, watoto 5,016 waliandikwa kuwa wameuawa na kuota meno.

Walipochoka na kisu wakaja na chupa. Huko Marekani, tangu 1849, iliuzwa dawa ya maji iitwayo Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Ndani yake mlikuwa na mofini, ambayo ni zao la afyuni. Mtoto alinyamaza, na wengine hawakuamka tena. Uingereza ziliuzwa poda za meno zenye zebaki, zikawapa watoto maradhi yaliyowafanya mikono na miguu kuwa myekundu, wakakosa usingizi na wengine wakafa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilitambulikana kuwa zebaki ndiyo sababu. Poda zilipoondolewa katika miaka ya 1950, maradhi yakatoweka. Na usidhani hayo ni ya kale tu. Mwaka 2008 huko Nigeria dawa ya meno ya watoto iitwayo My Pikin, iliyochanganyika na kemikali ya sumu, iliua watoto zaidi ya themanini. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wote hawa walitaka mtoto anyamaze upesi.

Sababu iliyo ya kweli

Kwa nini basi walimwengu wote, Gulu na London, Singida na Nevers, wameliona jino kuwa ndilo lenye kosa? Kwa sababu meno huanza kuota wakati uleule ambao maradhi humzukia mtoto. Kinga aliyotoka nayo kwa mama yake huwa inapungua. Anaanza kupewa uji na maji. Anatambaa, na kila anachookota hukitia kinywani. Ikiwa maji ya uji yametoka katika kisima kisichofunikwa, au kikombe hakikuoshwa, atahara, awe anaota jino au haoti. Hilo ndilo neno la maji nililokuambia ulishike. Na malaria humpata vilevile. Jogoo likiwika lisiwike, kutakucha. Jino nalo liote lisiote, maji machafu yatamharisha mtoto.

Mwaka 2000 matabibu wa Cleveland, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto 125 waliofuatiliwa siku baada ya siku wakati wa kuota meno. Walikuta udenda, kutafunatafuna, kusugua ufizi, kununa, kupunguza chakula kigumu na joto la mwili kupanda kidogo. Hawakukuta kuwa jino huleta kuhara, kutapika, kukohoa wala homa kali.

Tena ichukue kalenda ya meno uipime na maneno ya mganga. Meno ya utotoni ni ishirini. Kwa kawaida mawili ya mbele chini hutangulia, karibu na mwezi wa sita. Lakini mwingine huanza na miezi minne na mwingine hungoja hata kufikia mwaka, na wote ni wazima. Hufuata ya mbele juu. Magego ya kwanza huja baada ya mwaka mmoja. Machonge hayatoki mpaka kati ya mwezi wa kumi na sita na wa ishirini na tatu, na magego ya mwisho hukamilika kabla ya miaka mitatu. Basi mtoto wa miezi minne anayeambiwa chonge linamwua, chonge hilo limebakiwa na mwaka mzima kabla ya kutoka!

Kumtambua na kumtuliza

Mtoto anayeota meno utamjua hivi: udenda humtoka kwa wingi, hutia vidole kinywani, huuma kila anachokipata, ufizi wake huwa umevimba na pengine shavu huwa jekundu, hulia kuliko ada na usingizi humkatika. Hali hii huja siku chache kisha ikapita.

Dawa yake ni nyepesi. Osha mkono wako vizuri kwa sabuni, umsugue ufizi kwa kidole taratibu. Au chukua kitambaa safi, kiloweshe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, umpe akitafune ukiwa unamtazama. Mpanguse udenda kidevuni na shingoni asipate vipele. Mnyonyeshe kila atakapo, kwani ziwa ni chakula na ni liwazo. Mama anayetaka kutimiza, dini imemwekea miaka miwili kamili. Akizidi kuumwa, mhudumu wa afya atakwambia kipimo cha dawa ya maumivu kwa uzito wake. Dawa za kupaka za kutia ganzi ufizi usimpake. Asali, pamoja na ubora wake wote, usimlambishe kabla hajatimiza mwaka, kwa kuwa huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Wala usimvishe shanga shingoni za kutafuna; zikikatika humpalia. Na jino la kwanza likitoka, lisafishe kila siku kwa kitambaa laini.

Lakini akishikwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, akihara mara nyingi au kwa damu, akitapika kila kitu, akikataa ziwa, utosi wake ukibonyea, macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, akipumua mbiombio au akipata degedege, hayo si meno. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo, na njiani usiache kumnyonyesha. Anayehara hupewa maji ya chumvi na sukari ya paketi pamoja na vidonge vya zinki. Ni vitu vya bei ndogo, na vimeokoa watoto wengi ajabu. Msiba wa meno ya plastiki si kuchimbwa peke yake. Ni ile siku moja au mbili zilizopotea kwa mganga, hali mtoto anakaukiwa na maji.

Mwisho, ndugu zangu, lipo jambo la dhamana. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea mafunzo ya Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kutibu watu na hali hajulikani kwa elimu ya tiba, ana dhamana ya atakachoharibu. Mganga anayechimba meno ana dhamana. Lakini naye jirani anayemshika mkono mama wa watu na kumpeleka huko, ajiulize fungu lake. Mama yule hana kosa la kukosa mapenzi. Amebeba mwanawe kwa hofu, akaenda alikoelekezwa. Basi sisi tuwe waelekezaji wema. Bibi anapotamka mbele ya mtoto mgonjwa kwamba ni meno hayo, atokee mmoja katika nyumba aseme kwa adabu: bibi, huenda ni meno na huenda siyo, twende tukapimwe kwanza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atupe elimu yenye manufaa.